Samaki Uliyeniachia Mikononi

Ni mimi niliyemuua samaki wako. Si baba yako. Ni mimi mama yako, kwa jiwe, kwa mkono huu huu unaoandika.

Bon. Sasa nimelisema, naweza kukusalimu. Faida, mwanangu, mama yangu mdogo, jambo. Kama umesimama, kaa chini. Kama uko ndani ya treni, kaa vilevile, usiende kusimama mlangoni na karatasi mkononi. Barua hii nitaiweka ndani ya soksi ya kijivu ya baba yako, katikati ya sanduku lako, pamoja na kitu kingine ambacho utakikuta humo. Hicho nacho nitakieleza nikifika mahali pake. Sasa hivi umekwenda Saint-Gilles kuwaaga rafiki zako, mdogo wako Heri anaendesha tramu yake, na mimi nimebaki na meza na kalamu.

Sikuandikii habari za baridi, wala za kula, wala za kufunga mlango. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka ukaniambia, "Maman, nina miaka vingt-cinq, ishirini na mitano." Naandika lile ambalo mdomo umelishindwa miaka kumi na mitatu. Na weye unajua mdomo wangu si wa kushindwa. Kule kwenye maghorofa ya Gare du Nord naongoza timu ya wasafishaji douze, kumi na wawili, na hakuna mkuu wa ofisi ambaye hajasikia sauti yangu. Kanisani, mchungaji akitaka tangazo lifike nyuma ya ukumbi, ananipa mimi. Nilisoma mpaka mwaka wa sita tu, shule ya misheni kule kwetu Uvira, kando ya ziwa, lakini mwandiko wangu ulibandikwa ukutani na wakubwa wa darasa la juu wakaitwa kuutazama. Leo utaona nimefuta mahali pengi. Nisamehe hilo kwanza, mengine tutaona.

Nianze mbali kidogo, maana kuna mambo uliyaona nusu kwa sababu ya udogo.

Unajua baba yako, Kashindi wangu, alikuwa akimtunza Monsieur Lucien, yule mzee Mbelgiji wa hapa hapa Koekelberg, Brussels, ambaye miguu yake ilikuwa inakufa pole pole. Mzee yule alikuwa na nafasi yake ya kuvua kwenye mto huko Uskoti, juma la mwisho la mwezi wa nane, kila mwaka, tangu ujana wake. Alipoona miguu haimbebi tena ndani ya maji, alimwomba baba yako amsindikize. Donc mwaka wa kwanza kazi ya baba yako ilikuwa moja tu: kusimama nyuma ya mzee ndani ya mto na kumshika mkanda ili maji yasimchukue. Mwaka wa pili mzee akampa fimbo ya kuvulia ajaribu. Mwaka wa tatu Murdo, mlinzi wa mto, akasema mbele ya wageni wote kwamba mtu anayeshika mkanda anarusha mshipi vizuri kuliko wote wanaoshika fimbo. Sikuwepo. Ni baba yako aliyenisimulia, tena mara moja tu, akiwa amekunywa bia. Hakujua kujisifu, mwanangu. Kazi hiyo ilibidi niifanye mimi kwa niaba yake.

Monsieur Lucien alipokaribia kufa, aliwaandikia wenye mto kwamba juma lake apewe Kashindi. Wakasitasita. Murdo ndiye aliyewaambia kwamba asiyemtaka Kashindi mtoni atafute na mlinzi mwingine. Kisha akachukua kikombe cha bati, akakipaka jina kwa rangi nyeupe, akakitundika. Unakikumbuka kile kibanda chao cha mbao kando ya maji. Ukutani kuna misumari, na kila mwenye nafasi yake mtoni ana kikombe chake hapo. Kikombe cha KASHINDI kilining'inia kati ya kikombe cha daktari na kikombe cha jaji. Mimi ambaye sijui Kiingereza, habari hiyo nilisimulia Brussels nzima. Nilikuwa nasema, "Bwana yangu iko na kikombe yake ku ukuta kule, katikati ya munganga na juge," na nilikuwa siulizwi, nasema tu.

Na hapa kwetu alikuwa akijizoeza kwenye majani ya bustani, mbele ya Basilika. Hilo unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Hakuna maji, hakuna ndoana, mwisho wa mshipi kafunga kipande cha sufi ya manjano. Mshipi unakwenda nyuma, unanyooka hewani, unarudi, na ile sufi inashuka kwenye majani bila sauti. Watu wanatoka kwenye misa wanamtazama. Weye unamuuliza:

"Papa, unavua majani?"

"Ndiyo, leo yanauma kidogo."

Na weye mbio, unaikimbilia sufi, unaikamata, unajitupa chini unajigaragaza kama samaki aliyevuliwa, na yeye anakuvuta pole pole mpaka miguuni pake. Mimi nilikuwa nawatazama kutoka dirisha la jikoni na kujisemea kwamba Uvira nzima hakuna mwanamke aliyeolewa vizuri kama mimi.

Sasa usikilize mwanzo wa ubaya wenyewe. Ulianza kwa kicheko. Shangazi yako Vumilia, na unamjua Vumilia, siku moja baada ya ibada, wanawake wote wamesimama pale na sahani zao, akasema:

"Maman Faida, bwana yako iko muvuvi ya photo. Kila mwaka anaenda, kila mwaka anarudia na photo. Sasa photo banaipikaka na mafuta ao na maji?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Nilijua kwamba kwenye mto ule samoni hurudishwa majini, na jike ndiye kabisa haguswi, maana amebeba mayai ya mto mzima. Baba yako alinieleza mara nyingi. Samoni akitoka baharini hali kitu tena, anapanda mto alikozaliwa kwenda kutaga, na kazi yenu ni kumshika, kumheshimu, na kumwacha aendelee. Lakini weye mweleze mwanamke wa Uvira, mtoto wa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwamba mtu mzima anasafiri na meli na gari kwenda kumshika samaki wa kilo nane na kumwomba radhi. Kicheko kile nilikimeza, kikakaa tumboni mwaka mzima. Walipomwita muvuvi ya photo mara ya pili, mara ya kumi, nikawaambia, "Mwaka huu naenda mimi mwenyewe. Mtakula."

Nilisema hivyo mbele ya watu, Faida. Mtakula. Usije ukafikiri niliua kwa njaa, au kwa ujinga, au kwa kutoelewa sheria za wazungu. Niliua kwa neno moja nililokuwa nimekwisha kulisema mbele ya Vumilia.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Heri tulimwacha kwa huyo huyo shangazi. Siku ya tano kule mtoni, mchana, mvua nyembamba, baba yako alikuwa amepanda kibandani kuleta chai, na weye ulikuwa ndani ya maji na mabuti ya Murdo yaliyokufika kiunoni. Mshipi ukasimama. Sikuelewa. Nilidhani umenasa kwenye jiwe. Kisha fimbo ikapinda na weye hukupiga kelele hata kidogo. Ulisema kwa sauti ndogo, "Maman, iko mutu kule," kama unaniambia kuna mgeni mlangoni.

Sijui ulipigana naye muda gani. Najua kwamba uliyafanya yote kama ulivyofundishwa, peke yako, na mimi nasema kila mahali mwanangu ni wa kwanza, lakini siku ile nilikuwa shahidi. Ulimwacha akimbie alipotaka kukimbia. Ulimleta alipochoka. Ulimwingiza kwenye wavu wa mkono, ukalowesha mikono yako kwanza, ukamtoa ndoana, ukamgeuza kichwa kikaelekea maji yanakotoka. Ubavu wake ulikuwa na rangi ya sufuria ya shaba iliyosuguliwa, na kwenye pezi la mkia palikuwa na pengo kama meno ya mtu yamepita. Ukaniambia, "Mushike hivi, maman. Mikono yenye maji. Usimubane. Yeye mwenyewe ndiye atavuta akipata nguvu. Naenda kumuita Monsieur Murdo amuone."

Ukaniwekea samaki wako mikononi, ukakimbia na yale mabuti makubwa.

Nilikuwa naye labda dakika tatu. Nilimsikia moyo, mwanangu, hapa kwenye kiganja. Alianza kuvuta. Kidogo, kama mtoto mchanga anavyovuta kidole. Na mimi nikamuona Vumilia. Niliona sahani kubwa ya maua, samoni mzima mzima juu yake na nyanya na pilipili zangu ambazo hakuna anayezishinda Koekelberg wala Matonge, na wanawake wote kimya. Nikachukua jiwe. Nilipiga mara mbili. Nikamfunga kwenye koti langu la mvua, nikamlaza ndani ya majani marefu kando ya njia, nikanawa mikono.

Ulipofika na Murdo nikakwambia, "Amekwenda. Amevuta, amenitoka mikononi."

"Alivuta yeye mwenyewe, maman?"

"Kwa nguvu."

Ulinikumbatia miguu. Murdo akavua kofia yake, akakupa mkono kama anavyompa mtu mzima. Baba yako akafika na chai, akasikia, akacheka akamwaga nusu. Ilikuwa furaha kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona nyumbani kwetu, na ndani yake palikuwa na mtu mmoja mwongo.

Jioni ile, unakumbuka, baba yako alikwenda peke yake chini ya daraja kutafuta samaki wengine, trauti wa baharini, maana hao wanapenda giza linapoingia. Alirudi mikono mitupu, anaimba. Ndiyo maana kesho yake ulisadiki. Nakuelewa. Hata mimi ningesadiki.

Asubuhi Murdo alitusaidia kupakia gari, ambamo usiku nilikuwa nimelificha lile koti. Aliinua koti langu ili apange vizuri masanduku, nalo lilikuwa zito, na lilikuwa linadondosha. Akalifungua juu ya majani. Weye ulitazama mkia, ukaona lile pengo. Murdo akapiga magoti, akapitisha kidole gumba kwenye tumbo, na mayai yakatoka, rangi ya papai lililoiva, yakatiririka mpaka kwenye kiatu chake, na yeye hakuusogeza mguu.

Akauliza ni nani.

Baba yako alinitazama. Hakujua, Faida. Nakuapia mbele ya Mungu kwamba mpaka pale hakujua chochote. Alinitazama kwa muda wa pumzi moja, akaona uso wangu, akaelewa. Akageuka akasema, "Ni mimi, Murdo."

Ukamuuliza, "Papa, ni yeye? Ni yule wangu?"

"Ni yeye. Nilimukuta kule chini, alikuwa angali amechoka."

Murdo akaingia kibandani, akarudi na kikombe. Alikishika kwa mikono miwili akampa baba yako, kama vile watu wanavyopeana kitu kanisani. Uso wake ulikuwa umelowa. Labda alilia, labda ni mvua; kule kwao huwezi kujua. Nami nilisimama pale na mdomo wangu wote huu, mdomo wa kusikika nyuma ya ukumbi, na haukufunguka.

Ndani ya gari ulilia mpaka ukalala. Hapo ndipo baba yako aliponiambia, na sauti yake haikuwa na hasira, ningependa ingekuwa nayo:

"Kwetu ku ziwa, mwezi ikijaa, bavuvi banazima mataa, ndagala inapumuzika. Baba yako mwenyewe alikuwa analala nyumbani siku zile. Umesahau?"

Nikakufunika na kanga yangu.

"Bon. Mutoto anaweza kunichukia miye. Miye niko na mabega. Lakini akikuchukia weye, akiwa na shida ataenda kulilia wapi? Hiyo maneno imeisha. Usimuambie."

Na mimi nikakubali. Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, mwanangu, kuliko kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa la muda mfupi. Kukubali kulichukua miaka.

Nilijiambia nitasema kesho. Nitasema akimaliza primaire, shule ya msingi. Nitasema akishabatizwa. Kila nilipojiandaa, ulikuwa umeleta pointi nzuri kutoka shuleni na umekaa karibu nami, na mimi nikaona si siku yake. Kesho ya namna hiyo haina Jumatatu. Vumilia naye, tuliporudi, aliuliza samaki yuko wapi. Nikamwambia nimewapa majirani. Ona uongo unavyozaa.

Baba yako aliendelea kwenda kwenye bustani. Jumapili baada ya ibada, na fimbo yake na kipande chake cha sufi ya manjano. Mshipi ulinyooka vilevile, sufi ilishuka vilevile, na hapakuwa na mtu wa kuikimbilia. Nilikuwa nimesimama dirishani. Nilihesabu mara ngapi aligeuka kutazama mlango wa nyumba yetu. Sikuambii ni mara ngapi.

Ulipokuwa na miaka kumi na sita mligombana kwa ajili ya kitu kidogo, saa ya kurudi nyumbani, sijui, na ukamwambia, "Wewe uliyenifundisha kulowesha mikono." Hukuongeza neno. Yeye akasema, "Una haki." Mimi nilikuwa nakatakata vitunguu. Nilivikata vyote vilivyokuwamo ndani ya nyumba.

Na hospitali. Siipendi kuiandika hii. Wiki ile ya mwisho, majira ya baridi mwaka juzi, alichomoa uzi kwenye pindo la shuka na alikuwa anafunga lile fundo la kumfungia nzi wa manyoya, ile ndoana ya kumdanganya samaki, vidole vimevimba, sindano ya serumu mkononi. Akasema, "Faida, angalia, kuna namna nyingine ambayo haifunguki." Weye ulimwambia, "Pumzika, papa." Ulikuwa mpole. Ulimfunika. Lakini hukuangalia mikono yake. Akaendelea kufunga taratibu, akamaliza, akalivuta kuona kama linashika, likashika, akaliweka juu ya meza karibu na maji. Na mimi nilikuwa kwenye kiti, kweli yote imejaa mdomoni, na nikasema, "Nani anataka chai?"

Chai. Ndicho nilichosema.

Ulipotoka nikamwambia, leo namwambia mtoto. Akatikisa kichwa. "Mwache abaki na mama." Ndilo neno la mwisho refu alilosema nami. Kwa hiyo leo navunja neno la marehemu, najua, na nikifika kwake nitalijibu mwenyewe.

Utauliza kwa nini sasa. Ni kwa sababu ya barua yako ya kuomba kazi kwenye mto ule ule, kazi unayoiendea kesho. Uliiacha juu ya meza hii, na Heri aliisoma, na kwa sababu nilimwamrisha, alinitafsiria. Nilikuwa najiandaa kujisifu. Mwanangu mwenye diploma ya maji na misitu, anaomba kazi ya kujifunza ulinzi wa mto, mwanamke wa kwanza pale, tena mtoto wa Uvira; nilikuwa nimekwisha kupanga nani nitamwambia kwanza. Heri akafika mahali pameandikwa: "Baba yangu alikosa kwenye mto wenu. Mimi siye yeye."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena.

Faida, nimekuzaa, nimekuvalisha, nimekuombea, na nimekutilia kalamuni maneno hayo. Umemkana mtu ambaye kama ungeujua ukweli ungejiita kwa jina lake mara mbili. Uliandika kwa ushujaa, kwa sababu hukutaka kujificha, na hiyo umeitoa kwake, si kwangu. Mimi ndiye ningejificha.

Kwa hiyo sitaki uende kusimama kwenye mto ule ukiona aibu kwa ajili ya mtu mwingine. Kama ni aibu, uichukue iliyo sahihi. Ni ya kwangu.

Sina mafundisho ya kukupa, mwenye mafundisho alikuwa yeye na hatukumsikiliza. Nina kitu kimoja tu nilichokiona kwa macho. Mtu akikuambia ana mabega, usimtazame mabega, mtazame miguu. Ya baba yako ilikuwa inazama na mimi nilikuwa nasifu mabega. Utapata watu wenye kukupenda namna hiyo, maana unapendeka, hilo najua umelipata wapi. Siku wakitaka kubeba kitu chako, wakatalie mapema, kabla mkono haujazoea kuwa mwepesi.

Na watu wa kanisa wakikuambia samoni ni kama sisi wahamiaji, anakwenda mbali anarudi kwao, usiwasikilize. Huyo hajawahi kuombwa hati mpakani. Mimi nikimkumbuka yule wako sikumbuki safari yake. Nakumbuka namna alivyoanza kuvuta, kidogo, akijua mkono unaomshika ni mwema.

Sasa ile soksi. Ndani yake kuna kikombe. Baba yako hakukinywea hata siku moja hapa nyumbani. Alikuwa anawekea nzi wake wa manyoya, na niliwaacha humo humo pamoja na lile fundo la uzi wa shuka. Rangi nyeupe imetoka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Usiipake. Na usimwonyeshe Murdo, usikitundike, wala usimwambie neno hata moja kwa ajili yangu. Najua ukimaliza kusoma utataka kwenda kumgongea mlango. Ngoja. Nimeachia wengine kazi yangu miaka kumi na mitatu, hii ya mwisho ni yangu. Umesema mwenyewe kwamba anastaafu msimu ukiisha, basi nafasi ni mwaka huu au hakuna.

Heri ananifundisha. Unajua mimi na Kiingereza, lakini mwalimu wangu anasema natamka vizuri kuliko yeye. Sijataka sentensi ndefu. Nimechukua zile zile za baba yako, na jikoni nazisema nikiosha vyombo, nikiingia kwenye lifti kazini nazisema mpaka wenzangu wananiuliza Murdo ni nani: "Ni mimi, Murdo." Baada ya hapo Heri atatafsiri yaliyobaki, na Vumilia atakuwepo asikie, nimekwisha kumwambia yote Jumanne. Alizima jiko, akakaa chini. Kisha akasema, "Kashindi, kaka yangu," akauliza treni ni saa ngapi.

Unaweza kunikasirikia. Una haki, kama alivyosema yeye. Kama hutaki kuniandikia, usiandike. Kama hutaki kuja kutupokea kituoni, tutauliza njia, nina mdomo. Ukitaka usisimame karibu nami siku hiyo, simama karibu na maji. Lakini uwepo. Ukitoe kwenye soksi kile kikombe, ukilete, na Murdo ataamua mbele yetu sote kama msumari ule ungali mtupu kati ya daktari na jaji, na kama jina la baba yako linaweza kurudi hapo.

Utasikia funguo zangu mlangoni asubuhi nikitoka kukutafutia mikate, na tutakwenda kituoni Gare du Midi pamoja, na nitakuaga kama mama yeyote, kwa sababu utakuwa bado hujasoma. Unisamehe na hilo. Nilitaka siku moja zaidi.

Tunakuja mimi, Heri na shangazi yako, juma lile lile lililokuwa lake: Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa kumi jioni, kibandani.